Mauser ya 1871: Mwongozo wa Kumiliki na Kufyatua Bunduki ya Kale Ambayo Risasi Zake Ni Adimu

Bunduki ya Mauser ya mfano wa mwaka 1871 yenyewe si adimu sana. Ilitengenezwa kwa mamia ya maelfu, na hadi leo hupita katika minada ya Ujerumani, Uingereza na Marekani kwa bei ambayo mkusanyaji wa kipato cha kawaida anaweza kujiwekea akiba na kuimudu. Shida iko kwenye risasi zake. Viwanda vikubwa viliacha kuzitengeneza zamani, maduka mengi ya silaha hayaziweki kabisa, na pale zinapopatikana kutoka karakana ndogo, bei ya risasi moja humfanya mpigaji afikirie mara mbili kabla ya kuvuta triga. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unashauri utaratibu ambao wanunuzi wengi huufanya kinyume: hakikisha kwanza kwamba unaweza kupata maganda, kalibu ya kumiminia vichwa vya risasi, baruti na kibali, ndipo uende mnadani.

Maelezo haya yamekusudiwa wale wanaoishi mahali ambapo sheria inamruhusu raia kumiliki silaha ya kale na kuifyatua katika uwanja wa shabaha. Msomaji aliyeko Kenya au Tanzania ayachukue kama elimu, na habari zinazomhusu moja kwa moja atazikuta katika sehemu ya sheria.

Bunduki yenyewe na njia ilizopita

Ndugu wawili wa mji wa Oberndorf, Paul na Wilhelm Mauser, ndio walioibuni, na Prussia ikaichagua kuchukua nafasi ya bunduki ya sindano ya Dreyse iliyokuwa ikitumia risasi za karatasi. Mauser mpya ilitumia ganda la shaba njano lenye urefu wa milimita 60 na mtutu wa kipenyo cha milimita 11. Risasi ya jeshi ilikuwa na kichwa cha madini ya risasi chenye uzito wa gramu 25, kikisukumwa na gramu 5 za baruti nyeusi. Ni bunduki ya risasi moja moja: unafungua bolti (chuma kinachoziba nyuma ya mtutu), unaweka risasi kwa mkono, unafunga na kupiga. Ile ya askari wa miguu ina urefu wa takribani sentimita 134, na ndugu zake ni Jägerbüchse iliyo fupi kidogo, karabini ya wapanda farasi, na ile ya mwaka 1884, inayoitwa 71/84, ambayo iliongezewa bomba la kubeba risasi nane chini ya mtutu.

Ujerumani ilipoanza kutumia baruti isiyo na moshi katika bunduki ya mwaka 1888, hizi za zamani ziligeuka kuwa mali ya akiba, ya makoloni na ya kuuzwa. Zilikwenda China. Zilikwenda Ireland, ambako tarehe 26 Julai 1914 jahazi la Asgard liliteremsha bunduki 900 za aina hii katika bandari ya Howth, na baadhi yake zikatumika katika uasi wa Pasaka mwaka 1916. Zilikuja pia Afrika Mashariki ya Kijerumani. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, kampuni nyingi za askari wa Schutztruppe, yaani jeshi la kikoloni la Wajerumani, bado zilikuwa na Jägerbüchse ya 1871, na katika mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 wingu jeupe la baruti lilimfichua kila askari aliyepiga. Si ajabu kwamba bunduki za Kiingereza zilizotekwa siku zile, ambazo hazikutoa moshi, zilipokelewa kwa furaha kubwa.

Historia hiyo ina maana ya kivitendo kwa mnunuzi. Bunduki iliyosafiri hivyo huenda ilibadilishwa njiani. Uruguay ilizipeleka baadhi ya Mauser zake Ufaransa zikawekewa mtutu wa milimita 6.5. Serbia iliagiza mfano wake wenyewe uliofanana sana na huu lakini wenye kaliba ya milimita 10.15, na ile ya Kituruki ya mwaka 1887, inayofanana na 71/84, ni ya milimita 9.5. Kwa mbali zote ni ndugu, na muuzaji asiyejua huziandika zote “Mauser 1871”. Kwa hiyo usiamini maandishi ya tangazo, wala hata herufi za Kijerumani cha kale “I.G.Mod.71” zilizochorwa ubavuni, hadi mtutu wenyewe upimwe.

Sheria kabla ya fedha

Nchini Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 huihesabu silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa ya kale, na kwa hiyo Mauser ya 1871 haipiti katika utaratibu wa kawaida wa ununuzi wa bunduki. Hata hivyo majimbo na miji ina masharti yake, na mtu aliyezuiwa na mahakama kumiliki silaha asidhani amepata mlango wa nyuma. Sheria nyingine ya shirikisho inamruhusu mtu kuwa na baruti nyeusi isiyozidi ratili 50 kwa ajili ya michezo na silaha za kale, lakini kanuni za zimamoto za mahali anapoishi mara nyingi zinaruhusu kiasi kidogo zaidi.

Uingereza ina mtego ambao mkusanyaji mgeni huingia bila kujua. Chini ya sheria yake ya silaha na kanuni za mwaka 2021, bunduki ya kale ambayo kaliba yake imo katika orodha ya kaliba zilizopitwa na wakati inaweza kuhifadhiwa bila cheti, ilimradi imewekwa kama pambo au kumbukumbu tu. Ukianza kukusanya maganda na baruti kwa nia ya kuipiga, kinga hiyo imeondoka, na silaha ileile iliyokuwa pambo jana inahitaji cheti cha silaha leo. Baruti nyeusi ina kibali chake cha peke yake. Omba vyote viwili kabla hujanunua hata ganda moja.

Ujerumani, pamoja na kwamba bunduki hii ni yao, haina huruma zaidi. Unahitaji kibali cha kumiliki silaha, na kwa baruti unahitaji kibali kingine kinachotolewa baada ya kuhudhuria mafunzo na kufanya mtihani.

Kwa Kenya na Tanzania jambo ni fupi: silaha ya moto ni silaha ya moto, na hakuna anayepaswa kuikalia bila leseni kwa kisingizio kwamba ni ya zamani. Ikitokea familia imekuta bunduki kuukuu darini au katika sanduku la marehemu babu, jambo la kufanya ni kutoigusa zaidi, kutojaribu kuifungua, na kutoa taarifa kituo cha polisi au kupitia serikali ya mtaa. Mwenye hamu ya historia yake anaweza kuuliza kama makumbusho itapenda kuipokea kupitia polisi hao hao.

Kuikagua kabla ya kununua

Anza na bolti. Bunduki za kisasa hufungwa kwa meno mawili au zaidi yaliyo mbele ya bolti, ilhali Mauser ya 1871 hufungwa na ubavu mmoja tu ulio kwenye mzizi wa mkono wa bolti, unaoegemea daraja la chuma nyuma ya chemba, yaani nafasi ya mtutu inamokaa risasi. Hili si kasoro kwa baruti nyeusi, lakini ndilo linaloamua kila kitu kuhusu unachoweza kukiweka ndani yake. Tazama ubavu huo na sehemu unayoegemea kwa kioo cha kukuzia. Ufa wowote, au chuma kilichobonyea na kung’aa upande mmoja, unatosha kukufanya uiache bunduki mezani. Kichwa cha bolti ni kipande kinachojitegemea, na parafujo yenye kikombe pana iliyo juu ya ubavu ndiyo inayozuia bolti isichomoke. Hakikisha vyote viwili vipo, kwa kuwa hupotea mara kwa mara, na kwamba namba zake zinalingana na namba ya mtutu.

Namba zinazolingana zina faida mbili. Huongeza thamani kwa mkusanyaji, na humhakikishia mpigaji kwamba bolti na chemba vilipimwa pamoja tangu kiwandani. Bunduki ya namba mchanganyiko si lazima iwe mbaya, ila ihitaji fundi wa bunduki aipime nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha ganda kabla haijapigwa.

Kisha tazama ndani ya mtutu kwa taa. Giza na vishimo vidogo vya kutu si mwisho wa dunia, kwani mtutu wa namna hiyo bado unaweza kupiga vizuri kwa risasi laini. Kinachotisha ni pete ya kivuli mahali fulani katikati, ambayo huonyesha kwamba mtutu uliwahi kuvimba, na pia kingo zilizoliwa kwenye mdomo wa mtutu. Mwisho kagua mbao, hasa shingo ya kitako, ambako nyufa hujificha chini ya mafuta meusi ya miaka mingi.

Alama za vikosi kwenye kitako na pete za mtutu ni utamu wa ukusanyaji, lakini pia ndizo zinazoghushiwa. Alama yoyote inayodaiwa kuwa ya jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki hupandisha bei kwa kiasi kikubwa, na chuma cha kugongea herufi hununuliwa kwa bei ndogo. Mimi binafsi singelipa zaidi kwa alama hiyo bila karatasi za kuonyesha bunduki ilikotoka, hata kama muuzaji ana hadithi nzuri ya babu aliyekuwa Tanga. Ni afadhali kukosa bunduki kuliko kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Baada ya kuinunua, pima mambo mawili. La kwanza ni kipenyo cha mifereji ya mtutu: paka mafuta ndani, sukuma kidonge cha madini laini ya risasi kutoka mdomoni hadi nyuma kwa ufito wa mbao au wa shaba njano, kisha ukipime kwa maikromita. Mitutu mingi ya aina hii huangukia karibu na milimita 11.3, lakini tofauti kati ya bunduki na bunduki ni kubwa kiasi kwamba kununua kalibu bila kupima ni kutupa fedha. La pili ni umbo la chemba. Aloi kama Cerrosafe, ambayo huyeyuka kabla maji hayajachemka, humiminwa ndani ya chemba iliyozibwa kwa kitambaa upande wa mtutu, na inapoganda hutoa nakala kamili ya chemba. Nakala hiyo ndiyo itakayokuambia kama kweli una bunduki ya milimita 11 kwa 60. Kama hujawahi kuifanya kazi hii, mpe fundi. Na kama unaishi Uingereza au Ujerumani, vituo rasmi vya kupima uimara wa silaha, kama vile vya London na Birmingham, vipo kwa ajili hiyo.

Maganda ndiyo mtaji

Hapa ndipo fedha nyingi zinapokwenda na ndipo subira inapohitajika. Risasi za zamani unazoziona zikiuzwa katika pakiti za karatasi za karne ya 19 au mwanzo wa karne ya 20 usizipige. Fataki zake, yaani vijikofia vya kwenye kitako cha ganda vinavyowasha baruti, zilitengenezwa kwa kemikali ya zebaki, ambayo baada ya kupigwa huidhoofisha shaba ya ganda. Baruti yake imekuwa ikiishi pamoja na shaba hiyo kwa miaka zaidi ya mia. Na pakiti iliyo kamili ina thamani kwa wakusanyaji wa risasi kupita chochote utakachokipata kwa kuifyatua. Iuze, au iweke kando ya bunduki kama sehemu ya mkusanyiko.

Unachohitaji ni maganda mapya yanayojazwa upya kwa mkono. Bertram wa Australia ni miongoni mwa watengenezaji wachache waliowahi kuyatoa, na kuna mafundi wanaoyafinyanga kutoka maganda ya risasi nyingine. Yawe na tundu la fataki za kisasa za bunduki kubwa, kwa kuwa fataki za mfumo wa Berdan, zilizotumika katika maganda ya kale, ni shida kuzing’oa na ni shida kuzipata. Ganda moja tupu huuzwa kwa dola kadhaa, kwa hiyo mkusanyaji hushawishika kununua matano ya kujaribia. Nashauri ununue yasiyopungua 20 kwa mara moja, yote ya mtengenezaji mmoja, hata ikibidi bunduki isubiri. Karakana hizi hutengeneza kwa awamu, na ukikosa awamu moja unaweza kungoja muda mrefu kabla ya nyingine, tena ikaja na unene wa shaba ulio tofauti na wa kwanza.

Habari njema ni kwamba baruti nyeusi hailisumbui sana ganda. Shinikizo lake ni dogo ukilinganisha na la risasi za kisasa, na ganda linalotunzwa huweza kujazwa makumi ya mara. Linalotupwa mapema kwa kawaida limeuawa na mwenyewe kwa njia moja kati ya tatu. Ya kwanza ni kulirudisha ganda zima katika umbo la kiwandani kila mara. Kwa kuwa maganda yako yatapigwa katika bunduki moja tu, ambayo tayari imeyapa umbo la chemba yake, inatosha kubana shingo peke yake kiasi cha kushika kichwa cha risasi, na kuiacha sehemu nyingine ilivyo. Ya pili ni kuacha shingo iwe ngumu hadi ipasuke. Kila baada ya kujazwa mara nne au tano, simamisha maganda katika sahani ya maji yanayofika nusu ya urefu wake, pasha shingo kwa mwali wa gesi hadi rangi ianze kubadilika, kisha lilaze ganda majini. Kitako kisipate moto kamwe, kwa maana kitako kilicholainika hakiwezi kuhimili mlipuko. Ya tatu, na ndiyo inayoua zaidi, ni uchafu. Masizi ya baruti nyeusi yakikutana na unyevu hula shaba usiku kucha, kwa hiyo nenda uwanjani na chupa yenye maji na sabuni kidogo, na kila ganda likitoka kwenye chemba lidondoke humo. Nyumbani litoe fataki, lisugue ndani kwa brashi, lisuuze kwa maji ya moto na likaushe kabisa.

Usiache hata ganda moja uwanjani. Bunduki hii haina kifaa cha kurusha ganda nje. Ukucha wa bolti hulivuta tu hadi kwenye uwazi, na wewe unaipindua bunduki kidogo likuangukie mkononi. Kilicholalamikiwa na askari wa zamani kwako ni baraka.

Kichwa cha risasi na baruti

Vichwa vya risasi unaweza kuvinunua kutoka kwa wachache wanaoviuza, lakini mwenye kusudi la kuipiga bunduki hii kwa miaka atanunua kalibu na kuvimimina mwenyewe. Kiwe na uzito wa karibu gramu 25 na kipenyo kinachozidi kile ulichopima katika mifereji kwa takribani sehemu mbili au tatu za mia za milimita, ilimradi risasi iliyokamilika iingie chembani bila kulazimishwa. Mchanganyiko uwe laini, sehemu moja ya bati kwa sehemu 20 hadi 30 za madini ya risasi. Wajerumani walikuwa wakikizungushia kichwa karatasi nyembamba ili madini yasigusane na chuma, na wapo wapigaji wanaofanya hivyo hadi leo kwa matokeo mazuri sana, lakini anayeanza atumie kichwa chenye mifereji ya kuwekea grisi. Grisi hiyo ni nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya mnyama au ya zeituni, ambayo hulainisha masizi. Grisi ya magari itayageuza kuwa lami.

Kumimina madini ya risasi kuna hatari mbili ambazo hazina mjadala. Mvuke na vumbi lake ni sumu, kwa hiyo fanya kazi nje au mahali penye hewa ya kutosha, usile wala kuvuta sigara hapo, na watoto wasikaribie. Tone moja la maji likianguka ndani ya chungu cha madini yaliyoyeyuka hugeuka mvuke kwa ghafla na kuyarusha usoni. Vaa miwani, glavu na nguo za mikono mirefu, na kaushe kila kitu kinachoingia chunguni.

Kuhusu baruti nina neno moja, nalo halina ubaguzi: nyeusi. Ganda hili lina nafasi kubwa, na kipimo cha baruti isiyo na moshi hujaza sehemu ndogo tu ya nafasi hiyo, kiasi kwamba mtu anaweza kumimina mara mbili bila kuona. Ukikumbuka ule ubavu mmoja unaoishika bolti karibu na uso wako, hakuna haja ya maelezo zaidi. Wapo wanaojigamba kwamba wameifanya kwa miaka. Waache.

Baruti nyeusi ya chembe kubwa, daraja la Fg au FFg, ndiyo inayofaa. Gramu 5 za jeshi zilikusudiwa ganda la wakati ule, ambalo shaba yake ilikuwa nyembamba; ganda la kisasa lina kuta nene na huenda lisipokee kiasi hicho, nawe usilishindilie kwa nguvu ili lifikie. Fuata vipimo vya kitabu cha kujaza risasi kinachoitaja kaliba hii kwa jina, anza na kiasi cha chini, na uzingatie kanuni kuu ya baruti nyeusi: pasiwepo nafasi ya hewa kati ya baruti na kichwa cha risasi. Nafasi hiyo inaweza kuuvimbisha mtutu, na ile pete ya kivuli niliyoitaja huenda ndivyo ilivyozaliwa. Mimina baruti polepole kupitia bomba jembamba refu ili chembe zijipange, weka kiduara cha kadibodi juu yake, kisha sukuma kichwa hadi kiguse na kubana kidogo. Nafasi ikibaki, ongeza viduara. Baruti mbadala kama Pyrodex hupatikana kwa urahisi zaidi katika baadhi ya nchi, ila zina vipimo vyake na mabaki yake hula chuma bila huruma.

Uwanjani

Miwani na viziba masikio ni lazima, kama kwa bunduki yoyote. Omba nafasi ya pembeni, upande ule ambako upepo unaelekea, kwa kuwa la sivyo moshi wako utamfunika jirani kwa sekunde kadhaa na si kila jirani ni mvumilivu. Uliza mapema kama uwanja unaruhusu baruti nyeusi. Vile vya ndani ya majengo kwa kawaida haviruhusu.

Kabla ya risasi ya kwanza, futa mafuta yote ndani ya mtutu na chemba. Baada ya hapo pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo na kingine kikavu kila baada ya risasi moja au mbili, kutoka nyuma kwenda mbele. Wapigaji wenye haraka huruka hatua hii, kisha hulalamika kwamba risasi ya kumi imekwenda mita moja pembeni, na lawama humwangukia Paul Mauser.

Vilengeo vilitengenezwa kwa umbali wa vita, kwa hiyo katika mita 100 utapiga juu ya pale ulipolenga, mara nyingi kwa kiasi kikubwa. Weka karatasi ndefu, anza na mita 50, na ulenge chini hadi ujue tofauti. Usikate wala kuchonga chochote. Kama unataka kushusha mapigo, visha kilengeo cha mbele kijibomba cha plastiki au shaba kinachokiongeza urefu, ambacho utakivua jioni bila kuacha alama; kilengeo cha asili kilichochongwa na tupa huondoa thamani ambayo hairudi.

Ukivuta triga na fataki ikalia bila risasi kutoka, au ikawa kimya kabisa, endelea kuielekeza bunduki kwenye shabaha kwa dakika nzima kabla ya kufungua bolti, kwa sababu baruti nyeusi yenye unyevu huweza kuchelewa kuwaka. Na ikiwa mlio ulikuwa mdogo kuliko kawaida, ondoa bolti na uangalie ndani ya mtutu kabla ya kuweka risasi nyingine.

Risasi kumi hadi kumi na tano kwa siku zinatosha. Hazichoshi bega, zinaacha maganda machache ya kusafisha kwa uangalifu, na kila moja hupata heshima inayolingana na gharama yake. Anayetaka kupiga mia atafute bunduki ya kaliba ndogo.

Kusafisha, daftari na kuirithisha

Usafishaji haungoji kesho. Mimina maji ya moto yenye sabuni kupitia mtutu kwa faneli, ukilinda mbao kwa taulo, sugua kwa brashi ya shaba, suuza kwa maji ya moto sana ili chuma kipate joto na kujikausha, kisha pitisha vitambaa vikavu na umalizie na mafuta. Bolti nayo ifunguliwe, kwa kuwa masizi hupenya hadi kwenye pini ya kufyatulia. Siku inayofuata pitisha kitambaa cheupe tena; kikitoka na rangi ya kutu, rudia. Mbao ziguswe kwa mafuta ya kitani kidogo sana, zisipigwe msasa wala kupakwa vanishi.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na maganda 20 ni mali. Andika yamejazwa mara ngapi, kwa baruti gani na kiasi gani, shingo zilipashwa moto lini, na lipi lilipasuka. Ganda lenye mstari unaong’aa karibu na kitako litupwe siku hiyohiyo, kwa maana hapo ndipo linapokatika. Bunduki ikae katika kabati la chuma lililofungwa, baruti katika chombo chake cha asili mbali na fataki na mbali na moto, na funguo zisijulikane na kila mtu nyumbani.

Siku ya kuiuza au kuirithisha, kalibu, vifaa vya kubania shingo, nakala ya chemba, maganda na daftari viende pamoja na bunduki, kwa kuwa kila kimoja kilipimwa kwa ajili yake na kwa bunduki nyingine hakina kazi. Kwa mrithi anayeishi Uingereza au Ujerumani, wasiliana na ofisi ya vibali kabla kitu chochote hakijahamishwa. Funga kwenye kikingio cha triga lebo ngumu yenye kaliba kamili na maneno “baruti nyeusi tu”.